Shauri la Halima, Mpishi wa Safari

Kila mtoto wa shule wa huku kwetu, toka Nyakabere mpaka Uvira, ajua ya kuwa mto Ruzizi huingia katika Ziwa Tanganyika, wala hautoki humo. Wazee wetu walilijua jambo hilo kwa macho yao. Lakini huko Ulaya wataalamu walibishana juu yake miaka mingi. Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858, wakaambiwa na wenyeji kwamba mto huingia ziwani, wakarudi pasipo kufika mahali penyewe. Kisha, mwishoni mwa mwaka 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walisafiri kwa mtumbwi toka Ujiji hata upande wa kaskazini wa ziwa, wakauona mto ukimwaga maji yake. Hapo ubishi ukaisha, na vitabu vikaandika majina yao wawili. Wale waliojua tangu kale hawakuandikwa.

Ndivyo zilivyo habari nyingi za kale: mwenye kalamu hukumbukwa, mwenye mwiko husahauliwa. Leo tuzungumze juu ya mwanamke mmoja mwenye mwiko, na juu ya mwanamke wa pili, mwanasheria, aliyeshika kalamu kwa ajili yake.

Halima ni nani?

Mwanamke wa kwanza ni Halima, mpishi wa Livingstone. Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, alieleza katika kitabu chake jinsi mpishi huyo alivyokuwa akitokeza kichwa mlangoni pa jiko, apate kuhakikisha kwamba kweli wazungu waliokaa barazani sasa ni wawili. Bwana wake alikuwa amedhoofika kwa ugonjwa, chakula hakimpandi. Siku ile alikula vizuri pamoja na mgeni, na furaha ya Halima ilikuwa kubwa.

Livingstone naye alimtaja katika daftari lake la safari. Mwaka 1872, walipokuwa wakikaa Unyanyembe karibu na Tabora, Halima aligombana na mwenziwe, akatoroka. Kisha akarudi kwa hiari yake, akasimama nje akingoja tu bwana wake atoke na kumwambia aingie. Livingstone akamsamehe, akampa nguo nzito ya kujikinga na baridi. Aliandika kwamba tangu ampate hakuwahi kumkemea hata mara moja. Kwamba ni mwanamke mwangalifu na mwerevu, haibi, wala hamwachi mumewe aibe. Mwisho akaandika neno kubwa: watakapofika Unguja atampa Halima uhuru wake, na atamnunulia nyumba yenye shamba.

Tulitazame vizuri neno hilo. Livingstone alijulikana duniani kote kuwa adui wa biashara ya watumwa. Lakini ahadi ya kumpa mtu uhuru yaonyesha kwamba mtu huyo hajaupata bado. Yule aliyemwekea chungu motoni kila siku alikuwa akingoja Unguja ili awe mtu huru mwenye nyumba yake.

Ahadi yabaki karatasini

Unguja haikufikiwa na mwenye kuahidi. Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, mwanzoni mwa mwezi wa Mei 1873. Watu wa msafara wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua, wakaufunga, wakaubeba kuelekea pwani. Safari hiyo ilipita maili 1,000. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili ukapokelewa katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Tarehe 18 Aprili 1874 ulizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey.

Msafara haubebwi na mabega ya wapagazi peke yao. Kila jioni lazima maji yatekwe, nafaka itwangwe, moto uwashwe. Lakini tuangalie ni nani waliopewa nafasi ya kueleza. Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa katika shule ya misioni huko Nasik, India, alisafiri na mwili mpaka Uingereza, akahudhuria maziko. Baadaye Susi na Chuma walialikwa huko, wakamsaidia Horace Waller kuzitengeneza daftari za marehemu, zilizochapwa mwaka 1874. Walistahili kabisa kusikilizwa. Ila hakuna mwanamke wa msafara aliyeitwa. Halima alibaki kuwa mistari michache katika vitabu vya watu wengine, na ahadi yake ilibaki karatasini.

Mwanasheria ashika kalamu

Hapa ndipo anapoingia mwanamke wetu wa pili, Petina Gappah. Alizaliwa Zambia mwaka 1971, akakulia Zimbabwe, akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Zimbabwe, kisha Cambridge na Graz, huko Austria, alikopata shahada ya udaktari. Alifanya kazi miaka mingi mjini Geneva, akizisaidia nchi zisizo tajiri katika mashauri ya biashara ya dunia. Tangu mwanzo hakuiacha kalamu. Kitabu chake cha kwanza cha hadithi kilitoka mwaka 2009, kikapata tuzo Uingereza. Mwaka 2015 alitoa The Book of Memory, riwaya juu ya mwanamke mwenye ualbino aliyehukumiwa kufa, naye aeleza maisha yake akiwa gerezani Harare.

Mwaka 2019 alitoa riwaya ya safari ile ya kutoka Chitambo, iitwayo Out of Darkness, Shining Light, ndiyo kusema nuru iliyotoka gizani. Sauti kuu za riwaya hiyo ni mbili. Moja ni ya Jacob Wainwright, kijana mwenye kuandika na mwenye kujivunia elimu yake. Ya pili ni ya Halima, na ndiye anayetangulia kusema. Asiyeitwa shaurini mwaka 1874 sasa amepewa kiti cha kwanza. Asema, achekesha, asuta wanaume, wala haisahau nyumba aliyoahidiwa.

Twaona hapo kazi ya mwanasheria. Mwenye kuzoea mashauri hujiuliza: ni nani aliyekuwapo na hakuulizwa? Ni ahadi gani iliyoandikwa na haikutimizwa? Mwandishi huyu aliyasoma maandiko yale yale waliyoyasoma watu kwa miaka mia na zaidi. Wengi walitafuta humo habari za mito na maziwa. Yeye alimtafuta mpishi.

Lakini tusichanganye mambo, hasa ninyi wanafunzi. Riwaya si cheti. Kwamba Halima aliishi, alipika, aliahidiwa uhuru, nyumba na shamba, hayo yameandikwa na walioishi naye. Maneno anayoyasema katika riwaya yametungwa. Mtungaji mwema hamwongezei marehemu deni, bali humfikirisha msomaji juu ya deni lililokuwapo. Ukijua mpaka kati ya mambo hayo mawili, utafaidika na yote mawili.

Jambo hili latuhusu

Pengine mtu atasema: Halima alikufa zamani, yatufaa nini habari zake? Ndugu msomaji, tazama nyumba yako. Jina la babu aliyekuwa karani au mwalimu limo katika vyeti. Je, bibi aliyelima mihogo, akauza ndagala, akawalipia watoto karo, jina lake lote walijua watoto wako? Katika daftari la ubatizo la parokia jina la mama huandikwa pamoja na la baba; basi mara nyingine mahali pa kuanzia ni hapo.

Wanafunzi, chukueni daftari tupu. Mwendeeni bibi kwa heshima, wakati mikono yake haina kazi nyingi. Mwulizeni alizaliwa wapi, wazazi wake ni nani, alifanya kazi gani, alihama lini na kwa sababu gani. Andikeni tarehe, na ni nani aliyesema. Alichosema mkiandike kama alivyosema. Mnachokisia mkiandike mahali pengine.

Na kabla ya kumuaga, mwulizeni maswali mawili ambayo hakuna aliyemwuliza Halima: Uliahidiwa nini, bibi? Na ulipata nini? Majibu yakionyesha kwamba liko deni, na mwenye kulipa yungali hai, basi alipe mapema. Nyumba ya Halima yaweza kujengwa katika riwaya tu. Ya bibi yenu bado yaweza kuezekwa kwa mabati.