Kichwa Kinapouma Siku ya Noeli: Tuwasaidieje Wapendwa Wetu Wenye Migreni?



Noeli na Bonane zinakaribia. Huku Masisi watu wanachagua mbuzi na kuweka mashanza tayari. Kule Walikale wanatafuta samaki, sombe na mawese. Kwaya zinajifunza nyimbo mpya kila jioni. Wageni wako njiani, na ndugu waliokimbia vita tayari wamo nyumbani mwetu, familia mbili au tatu chini ya paa moja. Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha. Lakini katika makusanyiko haya kuna mtu anayeziogopa siku hizi. Anampenda Yesu, anawapenda ndugu zake, ila anaogopa kichwa chake.

Tunaanza na toba yetu wenyewe. Mwaka mmoja, katika mkesha wa Noeli, dada mmoja wa kwaya alitoka nje, akatapika, akaketi gizani akishika kichwa. Sisi watumishi tulimrudisha ndani, tukamzunguka, tukamwombea kwa sauti kuu, ngoma na kinanda vikiendelea. Kadiri tulivyopaza sauti, ndivyo alivyozidi kulia. Tukasema ni pepo anayelia. Kumbe ni sisi tuliokuwa tunamwongezea maumivu. Baadaye alipimwa hospitalini, akaambiwa ana migreni. Tulimwomba msamaha, naye akatusamehe. Hatutaki kosa letu lirudiwe katika ushirika mwingine.

Migreni ni nini?

Migreni, ambayo wengine huita kipandauso, ni ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mara nyingi kichwa kinagonga upande mmoja kama nyundo. Mgonjwa anasikia kichefuchefu au anatapika. Mwanga unamchoma macho, kelele na harufu zinamtesa. Wengine huona kwanza vimulimuli mbele ya macho. Isipotibiwa, shambulio moja laweza kudumu saa 4 hadi siku 3. Waganga wa hospitali wanaiita ya kudumu mtu anapoumwa kichwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, na angalau siku 8 kati ya hizo zina dalili za migreni.

Katika dunia nzima zaidi ya watu bilioni 1 wana migreni, na wanawake wanaipata kuliko wanaume. Mara nyingi inafuata ukoo: mama anayo, na binti anayo. Watu wakiona hivyo wanasema ni laana ya familia au uchawi wa jirani. Hapana, wapendwa. Mtoto anaweza kurithi ugonjwa huu kama anavyorithi sura. Tusimtafute mchawi, tusivunje familia kwa ajili ya jambo hili.

Kwa nini sikukuu inawaumiza?

Ubongo wa mwenye migreni hauvumilii mabadiliko ya ghafla. Usingizi ukipungua, chakula kikichelewa, maji yakikosa, shambulio laweza kuja. Vivyo hivyo jua kali, moshi, harufu nzito, kelele, na uchovu wa mwili au wa moyo. Sasa tutazame Noeli yetu. Usiku kuna mkesha. Asubuhi mama anaamkia jikoni penye moshi kabla ya kula kitu. Bafle ziko karibu na sikio, jenereta inanguruma na kutoa harufu nyuma ya ukuta. Watoto wamejaa chumbani, hakuna pa kulala. Yote yanampata mtu mmoja siku moja.

Anapolala chini, maneno yanaanza: "Huyu mkwe ni mvivu, siku ya kazi ndiyo anaugua." Kwa sababu hana homa wala kidonda, watu hawaamini. Dada wengi hujikaza, wanapika huku wanatapika, wakiogopa ulimi wa watu kuliko maumivu yenyewe. Mama mkwe unayesoma, ulinde ulimi wako. Neno lako moja laweza kumpumzisha au kumvunja.

Neno la Mungu linatufundisha nini?

Katika 2 Wafalme 4, mtoto wa mwanamke Mshunami alikuwa shambani pamoja na wavunaji, akamlilia baba yake kwamba kichwa kinamuuma. Zilikuwa siku za mavuno, siku za kazi nyingi. Baba hakusema anajifanya, wala hakumwambia avumilie hadi jioni. Aliagiza abebwe mara moja apelekwe kwa mama yake, na mama akampakata. Biblia haitaji ugonjwa wake, lakini inatuonyesha kwamba aliaminiwa aliposema.

Katika 1 Wafalme 19 Eliya alichoka hata akaomba kufa. Malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena. Mungu alisema naye baadaye, tena kwa utulivu. Na Mithali 25:20 inatuonya kwamba kumwimbia nyimbo mwenye moyo mzito ni kama kumvua nguo wakati wa baridi. Watu wa milima ya Masisi tunaijua baridi hiyo.

Tufanye nini?

Kabla ya sikukuu, tumwulize mgonjwa mwenyewe: "Nini kinakuletea maumivu, na tukusaidie namna gani?" Kazi za jikoni zigawanywe, na wanaume pia wachote maji na kupasua kuni. Nyumba ikiwa imejaa, tukubaliane mapema kona moja ya kulala, yenye giza na utulivu, hata kama ni kwa jirani.

Siku yenyewe, ale kwa saa yake, asingoje mpaka wageni wote wafike. Anywe maji. Aliyezoea kahawa au chai kila asubuhi asiikose ghafla. Asiketi karibu na bafle wala moshi. Akisema kichwa kinaanza, tusimbishie. Ameze dawa aliyoandikiwa mapema, maana inasaidia zaidi maumivu yakiwa bado madogo. Tumpe kitambaa cha maji baridi na chombo cha kutapikia, tufunge dirisha, tuwatoe watoto. Kesho yake tusimdai maelezo. Tumwekee sahani yake, tumwambie tulimkumbuka.

Kanisani, mwenye migreni aruhusiwe kwenda kulala kabla ya mkesha kwisha bila kuhesabiwa kuwa amepoa kiroho. Kufunga chakula kunaweza kumletea shambulio. Aongee na mchungaji wake, atoe sadaka ya namna nyingine: sala, ukimya, kumtembelea mjane. Tukimwombea, tumwombee kwa sauti ndogo. Mungu wetu si kiziwi.

Dawa na hatari

Tunaamini Yesu anaponya. Hatujasoma mahali popote kwamba alimkataza mgonjwa dawa. Mchungaji asimwambie mtu atupe vidonge ili kuonyesha imani. Lakini pia tusinunue vidonge kila siku sokoni. Mtu akimeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, dawa zenyewe zaweza kuzidisha maumivu. Kwa vidonge vyenye dawa kadhaa pamoja, hata siku 10 zatosha. Anayefikia hapo amwone muganga wa hospitali, maana ziko dawa za kuzuia mashambulio, ambazo humezwa kila siku kwa uangalizi. Mwenye mimba asimeze kitu bila kuuliza.

Tena, si kila kichwa kinachouma ni migreni. Mpelekeni mgonjwa upesi kituo cha afya, au hospitali kuu ya Masisi, ya Mweso au ya Walikale, mkiona haya: maumivu makali kuliko yote yaliyokuja kwa ghafla, homa, hasa pamoja na shingo ngumu, kifafa au kuchanganyikiwa, upande mmoja wa mwili kulegea, kichwa kuuma baada ya kuanguka au kupigwa, au mama mjamzito anayeumwa kichwa na kuona ukungu. Malaria na homa ya uti wa mgongo hazingoji sikukuu ipite.

Wapendwa, Yesu alizaliwa mahali ambapo nyumba ya wageni haikuwa na nafasi. Mwaka huu tumtafutie nafasi yule mwenye kichwa kinachouma: kona ya giza, maji ya kunywa, na watu wanaomwamini. Hiyo nayo ni ibada.

Bwana awabariki, awape Noeli ya amani huko Masisi na Walikale. Amina.