Dawa Anazopewa Mwanao Wodini: Nani Anazihesabu?

Akina mama wa Mlimba wanaijua safari ya kumpeleka mtoto mgonjwa Ifakara. Rufaa ikishaandikwa hutafutwa gari au husubiriwa treni ya TAZARA, na masika ikiharibu barabara hofu huzidi. Hatimaye mtoto hulazwa, huchomwa sindano ya kwanza, na mama hushusha pumzi: "Sasa amepata dawa."

Lakini ni dawa gani? Ni ya siku ngapi? Imeandikwa kwa ugonjwa gani? Hayo ndiyo maswali ya wataalamu wanaopima matumizi ya antibiotiki kwa watoto waliolazwa. Nasi akina mama yanatuhusu sana, kwa kuwa tuko kitandani pale usiku na mchana.

Antibiotiki huua bakteria, virusi haziwezi. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa waliotibiwa bila kulazwa huko Ifakara na Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: watoto 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi, na kama 2 tu kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa bakteria. Utafiti mwingine ulifanyika mwaka 2021 na 2022 katika vituo 40 vya mikoa ya Morogoro na Mbeya. Penye huduma ya kawaida, watoto 70 kati ya 100 waliandikiwa antibiotiki. Penye wahudumu walioongozwa na maelekezo ya kwenye kishikwambi, ni 23 tu, na watoto hao hawakuzidiwa kuliko wenzao.

Wodini mambo ni tofauti. Aliyelazwa ni mgonjwa zaidi, na mara nyingi daktari hawezi kusubiri. Mtoto mwenye nimonia kali huanzishiwa ampisilini na gentamisini mara moja, na ni haki yake. Swali kubwa hapo ni kama dawa ni ile inayofaa, na kama inasimamishwa kwa wakati wake.

Basi hupimwaje? Njia moja ni kuhesabu kwa siku moja. Wahesabuji hupita kila kitanda na kusoma faili la kila mtoto aliyekuwa wodini kufikia saa 2 asubuhi: yupi anatumia antibiotiki, ipi, ya kunywa au ya sindano, na kwa sababu gani.

Kwa watu wazima, hospitali nyingi hupima kwa dozi ya kawaida ya siku ya mtu mwenye kilo 70. Kwa watoto kipimo hicho hudanganya. Mama hapimi mchele wa uji wa mtoto kwa debe! Mtoto wa kilo 7 hupewa dawa kwa uzito wake, hivyo wodi ya watoto ingeonekana inatumia dawa kidogo hata kama kila mtoto anachomwa sindano. Kwa hiyo watoto huhesabiwa siku za dawa. Aliyepata ampisilini na gentamisini kwa siku 5 amehesabiwa siku 10, kwani kila dawa ina hesabu yake.

Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa dawa hizi makundi matatu: za kuanzia, kama amoksilini na ampisilini, za kutumia kwa uangalifu, kama seftriaksoni, na za akiba, zinazowekwa kwa ajili ya wakati nyingine zimeshindwa. Wodi ikijihesabu na kukuta seftriaksoni inaongoza, inajua pa kujirekebisha.

Tusipohesabu, bakteria huzoea dawa. Hospitali ya Muhimbili mwaka 2001 na 2002 ilionja uchungu huo. Watoto waliokuwa na aina fulani ya bakteria katika damu walifariki zaidi ya 40 katika kila 100, mara mbili ya waliougua malaria. Waliopewa dawa ambayo bakteria wao walikwisha kuizoea walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Mama mwenzangu, ukilazwa na mtoto, fanya haya:

1. Taja kila dawa aliyokwisha kunywa nyumbani, hata ile ya duka la dawa muhimu. Beba pakiti na kadi ya kliniki. Usifiche kwa kuogopa kukaripiwa.

2. Hakikisha amepimwa uzito.

3. Uliza kwa heshima: "Dawa hii inaitwaje? Ni ya ugonjwa gani? Itaisha lini?"

4. Siku ya pili au ya tatu, uliza kama vipimo vimerudi, na kama mtoto anaweza kutoka kwenye sindano kwenda kwenye dawa ya kunywa.

5. Mkiruhusiwa, maliza dozi kama ulivyoelekezwa. Usimgawie mtoto wa jirani iliyobaki.

Hata hivyo, usimkatalie daktari dawa kwa sababu ya makala hii. Mtoto anayepumua haraka na mbavu kubonyea, anayeshindwa kunyonya au mwenye degedege apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Watafiti huja wodini siku moja na madaftari yao, kisha huondoka. Mama hubaki. Jina la dawa na tarehe ya kuanza, vikiandikwa nyuma ya daftari la mtoto, vitamsaidia daktari atakayefuata kuchagua dawa itakayomponya.