Kusoma Vitabu vya Biashara na Viwanda: Mfano wa Kahawa

Mkulima wa kahawa hupanda, hupalilia, huchuma na huanika. Kisha kahawa yake hutiwa magunia na kuondoka kijijini. Inakwenda wapi? Nani anaikoboa? Nani anapanga bei? Wakulima wengi huuza kahawa miaka mingi bila kupata majibu ya maswali haya.

Ndugu msomaji, majibu mengi yamo vitabuni. Vipo vitabu vinavyoeleza jinsi pamba inavyokuwa kitambaa, jinsi miwa inavyokuwa sukari, na jinsi kahawa inavyosafiri kutoka shambani hadi kikombeni. Vitabu hivyo si hadithi. Ni maelezo ya kazi za watu na hesabu zao. Anayejua kusoma hana sababu ya kuviogopa. Katika somo hili tutaona namna ya kuvisoma.

Kabla ya kuanza

Kitabu cha namna hii si lazima kisomwe kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kwanza, tazama ukurasa wa yaliyomo. Chagua sura inayohusu jambo unalotaka kujua.

Pili, tafuta mwaka kitabu kilipochapwa, maana biashara hubadilika. Kwa mfano, mwaka 1962 nchi zinazouza kahawa na nchi zinazonunua zilifanya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa. Kila nchi inayouza ilipewa mgawo wake, ili kahawa isijae mno sokoni na bei isianguke. Mgawo huo ulisimamishwa Julai 1989. Kitabu kilichochapwa kabla ya hapo huenda kikaeleza mgawo kama jambo lililopo. Hakidanganyi. Kinaeleza mambo ya wakati wake.

Tatu, shika penseli na daftari. Tunasema: Mali bila daftari huisha bila habari. Andika maswali matatu yafuatayo, kisha tafuta majibu yake unaposoma.

Swali la kwanza: Uzito unapungua wapi?

Kahawa iliyokaushwa pamoja na maganda yake ikikobolewa, uzito hubaki karibu nusu. Kilo 100 za kahawa ya maganda hutoa kama kilo 50 za kahawa safi. Kahawa safi ikikaangwa, maji hutoka na uzito hupungua tena. Zile kilo 50 hubaki kama kilo 40 au zaidi kidogo.

Kwa hiyo, usilinganishe bei ya kilo ya maganda na bei ya kilo ya kahawa iliyokaangwa bila kufanya hesabu hiyo. Tena, mwenye kiwanda ana gharama za mashine, umeme, magunia, usafiri na mishahara. Baada ya kutoa gharama zote, kinachobaki ndicho faida. Kitabu kizuri huonyesha gharama hizo moja moja. Hapo utaona pia kwa nini viwanda vya hapa nchini vina maana. Kiwanda cha TANICA mjini Bukoba hutengeneza kahawa ya kuyeyuka. Kazi hiyo ikifanyika hapa, mishahara yake hulipwa hapa.

Swali la pili: Bei inapangwa wapi?

Mnunuzi anayekuja kijijini hapangi bei peke yake. Bei ya kahawa ya arabika hufuata soko la New York. Bei ya robusta hufuata soko la London. Masoko hayo hutazama mavuno ya dunia nzima.

Mwezi Julai 1975, baridi kali iliunguza mibuni mingi nchini Brazili, nchi inayotoa kahawa nyingi kuliko zote. Kahawa ikapungua, na kufikia mwaka 1977 bei ilikuwa imepanda sana. Katika miaka ya 1990, Vietnam ilipanda robusta kwa wingi. Kahawa ikajaa sokoni, na mwaka 2001 bei ilikuwa chini sana. Mkulima wa Kagera aliyetunza shamba lake vizuri alipata bei ndogo, wala halikuwa kosa lake.

Kusoma hakutabadilisha bei ya London. Lakini kutakuwezesha kujua ni habari gani za kusikiliza redioni, na ni maswali gani ya kuuliza katika mkutano wa chama cha ushirika.

Swali la tatu: Nani anangoja, na anapata nini kwa kungoja?

Vitabu vya biashara hueleza kwamba muda una bei. Mwenye fedha anaweza kungoja. Mwenye shida hawezi. Mkoani Kagera kuna biashara iitwayo butura. Mkulima mwenye mgonjwa au mwenye mtoto wa kupeleka shule huuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ndogo. Biashara hii imekatazwa, lakini imewaumiza watu wengi.

Tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Mkulima anauza kilo 100 kwa butura, kila kilo shilingi 600. Anapokea shilingi 60,000. Wakati wa mavuno bei ni shilingi 1,500. Kahawa ile sasa ina thamani ya shilingi 150,000. Mkulima anadhani aliuza kahawa. Kwa kweli alikopa shilingi 60,000, na baada ya miezi michache amelipa shilingi 150,000. Kama angekopa fedha hizo katika chama cha kuweka na kukopa, kwa riba ya shilingi 10 kwa kila 100, angelipa shilingi 66,000 tu. Tofauti ni shilingi 84,000.

Mnunuzi wa butura anaijua hesabu hii. Inafaa mkulima naye aijue kabla ya kupokea fedha.

Usikubali kila kilichoandikwa

Vitabu vingi husimulia habari za matajiri waliofanikiwa. Waliofanya yale yale wakafilisika hawatajwi sana. Kila unaposoma shauri, uliza: Mwandishi amejuaje? Je, shauri hili linafaa kwa mtu mwenye mibuni 200, au kwa mwenye mtaji mkubwa?

Ni vizuri kusoma kwa kikundi. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, na mmoja aandike hesabu ubaoni. Kitabu kimoja kinaweza kuwafaa watu wote wa darasa.

Maneno ya kukumbuka

Gharama: fedha zinazotumika katika kazi.
Faida: kinachobaki baada ya kutoa gharama.
Mtaji: fedha au mali ya kuanzia kazi.
Riba: fedha za ziada anazolipa mkopaji.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini tutazame mwaka kitabu kilipochapwa?
2. Kilo 300 za kahawa ya maganda zitatoa kama kilo ngapi za kahawa safi?
3. Chagueni zao moja la kijiji chenu. Andikeni safari yake hadi kwa mlaji. Ni hatua zipi hamzijui bado?
4. Mtu wa kijijini kwenu akipata shida kabla ya mavuno, anaweza kupata msaada wapi bila kuuza mazao yakiwa shambani?