Motokari ya ibridi kwa taksi: tununue ama tungoje?

Tangu majuma machache, mikutano yetu ya Jumamosi inarudi kwenye jambo moja. Wamama wanne wanataka kuchukua zamu yao ya likelemba na kuwanunulia vijana wao motokari za kufanya taksi Kolwezi. Vijana wanasema wazi kwamba wanataka ibridi, kwa sababu eti "haili esansi". Pesa zile ni za sisi wote mpaka mzunguko uishe, kwa hiyo tulikwenda kuuliza mafundi wa garaji na madereva kabla ya kutoa hata franka moja.

Kwanza tutofautishe. Motokari ya umeme haitumii esansi hata tone. Inachomekwa ukutani kama simu. Ibridi ya kawaida, mfano Toyota Prius iliyoanza kuuzwa Japani mwaka wa 1997, haichomekwi popote. Ina injini ya esansi na mota ya umeme pamoja. Batri yake inajazwa na injini ile, na pia kila dereva anapopunguza mwendo: nguvu ambayo ingepotea bure kwa joto la breki inarudi ndani ya batri. Basi inakula esansi, ila inakula kidogo.

Kidogo kiasi gani? Njia ndiyo inayoamua. Ndani ya Kolwezi, ambako taksi inasimama na kuondoka siku nzima, Prius nzima inaweza kutumia lita 5 hivi kwa kilometa 100, pale ambapo motokari ya kawaida ya ukubwa ule inatumia 8. Ikikimbia kilometa 150 kwa siku, inabakiza lita 4 na nusu. Kila mama anajua bei ya lita, apige hesabu ya mwezi mwenyewe. Hata breki zake zinadumu zaidi.

Lakini njia ya kuja huku Kisenge ni neno lingine. Ni zaidi ya kilometa 250 toka Kolwezi, na kwenye safari ndefu, pasipo kusimama-simama, faida ile inapungua sana. Tena Prius iko chini, tumbo lake liko kama sentimeta 14 tu juu ya udongo. Nani kati yetu hajui mashimo ya mwezi wa kwanza na wa pili? Anayetaka kubeba mihogo na wagonjwa kwenye njia hii asitafute ibridi ndogo ya mjini.

Na kuna vumbi. Hili vijana hawakutuambia, pengine hawalijui. Batri kubwa ya Prius inakaa nyuma, na inapozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu kando ya kiti cha nyuma. Vumbi letu jekundu likiziba tundu lile, ama abiria akiliwekea mfuko juu, batri inapata joto na inakufa mapema. Kulisafisha mara kwa mara ni kazi ndogo. Batri mpya inapita dola 1000. Motokari hizi zinafika kwetu zimekwisha kutumika miaka 10 ama zaidi, kwa hiyo batri ndiyo ya kuangaliwa kwanza, kabla ya rangi na redio. Fundi awe na kifaa cha kusoma kompyuta ya motokari. Fundi asiyejua ibridi asiguse nyaya za rangi ya chungwa: zinapitisha volti zaidi ya 200, zinaua.

Motokari ya umeme mtupu tunaiacha kwa sasa. Chukua Nissan Leaf yenye batri ya kilowati-saa 40. Kwa priza ya nyumbani inaomba saa 18 hivi kujaa toka sufuri, na umeme uwepo muda wote ule. Usiku mmoja wa saa 8 unatoa kama kilometa 100. Nani atamhakikishia kijana wetu saa 8 za umeme kila usiku? Akijaza kwa jenereta, esansi aliyoikimbia mbele imemrudia kwa mlango wa nyuma. Kule Kigali pikipiki za umeme zinatembea vizuri kwa sababu dereva anabadilisha batri kwenye kituo na kuendelea na kazi. Kituo cha namna hiyo huku hatuna.

Jambo hili linauma, tuseme tu. Kongo inatoa karibu 70 kwa mia ya kobalti ya dunia, na kubwa yake inatoka Kolwezi na kandokando. Manganisi ya Kisenge wazee wetu waliipakia kwenye reli ya kwenda Lobito mpaka vita ya Angola ilipoifunga njia mwaka wa 1975, na manganisi nayo inaingia ndani ya batri nyingi za motokari. Umeme wa Inga umefika Kolwezi tangu 1982, kwa waya wa kilometa 1700 hivi uliojengwa kwa ajili ya migodi. Mnamo Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza batri huku kwetu. Kiwanda kikija, tutafurahi. Ila mapatano hayashushi bei ya motokari leo, na batri za aina nyingine siku hizi hazina kobalti kabisa.

Kamati inapendekeza hivi: zamu itolewe kwa motokari mbili kwanza, za kazi ya ndani ya Kolwezi peke yake, baada ya fundi kusoma batri mbele ya wamama wawili wa kamati. Kila mwenye taksi aweke pembeni kitu kidogo kila juma kwa ajili ya batri, na daftari lake lisomwe mkutanoni kama madaftari mengine. Wawili waliobaki wangoje miezi sita tuone hesabu. Tutapiga kura Jumamosi ijayo. Mwenye fundi anayemwamini amlete.