Kigari cha gulioni chaweza kurudi sokoni kama deraya

WAKATI macho ya wafanyabiashara wa Lushoto yako kwenye kabichi, viazi na matunda yanayoteremka kupitia Soni hadi Mombo, ipo bidhaa ndogo kwenye meza za wachuuzi wa gulio ambayo wengi huihesabu kuwa ya watoto tu. Ni vigari vya kuchezea vya chuma na plastiki kutoka China. Huko Ulaya na Marekani, vigari vya namna hiyo vina wanunuzi wanaovichukua kama malighafi.

Wanunuzi hao ni watu wazima wanaocheza michezo ya vita ya mezani. Hupanga sanamu ndogo za askari na magari yao juu ya meza, hupima mwendo kwa rula na kuamua mapigano kwa dadu. Fedha zilizomo si za mzaha. Kampuni kubwa kuliko zote katika fani hiyo, Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, iliingia Desemba 2024 katika orodha ya kampuni 100 kubwa za Soko la Hisa la London. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 1, 2025 ilipata mapato ya Pauni milioni 617.5 na faida kabla ya kodi ya Pauni milioni 262.8. Yaani katika kila Pauni 100 zilizoingia, zaidi ya 42 zilikuwa faida. Muuza kabichi asifanye hesabu hiyo kabla ya kula.

Bei ndiyo inayofungua mlango kwa mtu mdogo. Deraya moja kubwa ya kampuni hiyo huuzwa zaidi ya Pauni 50, ikiwa vipande vya plastiki ambavyo mnunuzi huviunganisha na kuvipaka rangi mwenyewe. Asiyekuwa na fedha hizo hununua kigari cha bei chee na kukigeuza. Mwaka 2017 Mwingereza Mike Hutchinson alitoa mchezo uitwao Gaslands, unaochezwa kwa vigari vya kawaida vya watoto vilivyofungwa bunduki na mabamba. Waliokwishatupa vigari vyao vya utotoni wakaanza kuvinunua upya.

Kazi yenyewe haihitaji kiwanda. Kigari cha chuma huwa kimeshikwa na ribiti mbili chini yake. Hutobolewa kwa keekee ndogo, bodi ikatengana na kitako. Rangi ya zamani huondolewa. Kisha huongezwa mabamba ya bati la kopo au kadi ngumu, mtutu wa waya, magunia ya mchanga ya udongo wa kufinyanga. Hufuata praima, rangi ya jeshi, na mwisho brashi kavu yenye rangi ya vumbi kidogo kwenye kingo. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayotofautisha kinyago cha mtoto na kifaa cha mchezaji, na ndiyo wanayoiruka wenye haraka.

Mchuuzi anayetaka kuijaribu aende gulioni na rula. Vigari vingi hutengenezwa vilingane na boksi, si vilingane vyenyewe kwa vyenyewe, hivyo lori na teksi hutoka na urefu mmoja. Kipimo kinachofaa ni moja kwa 64 au karibu yake: mtu wa futi sita huwa na milimita 28, ambao ndio urefu wa sanamu nyingi za michezo ya vita ya mezani, na pikapu ya mita tano hupata sentimita nane hivi. Lori la sentimita saba liachwe mezani, hata likipunguzwa bei.

Milima ya Usambara ina kitu ambacho China haiwezi kukiiga kwa urahisi, nacho ni hadithi ya mahali. Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki inapendwa na wachezaji wa nje. Novemba 1914 von Lettow-Vorbeck aliteremsha askari wake kwa reli ya Usambara kuilinda Tanga, na jeshi la Waingereza lililowazidi mara kadhaa kwa idadi likarudi melini. Mwaka uliofuata mizinga 10 ya meli Königsberg, iliyozamia Rufiji, iliopolewa na kuwekewa magurudumu. Mwaka 1916 Waingereza walitumia magari ya deraya ya Rolls-Royce. Lushoto yenyewe, wakati huo Wilhelmstal, ilitwaliwa na Waingereza Juni mwaka huo. Mgeni anayepanda mlima kuona majengo ya Wajerumani ni mnunuzi aliyekwisha kuelezwa nusu ya habari.

Lakini hesabu lazima ifanywe kwa ukali. Tuseme kigari ni Sh 3,000, rangi na gundi Sh 2,500, na saa nne za fundi kwa Sh 2,000 kila moja. Jumla ni Sh 13,500, na zaidi ya nusu yake ni nguvukazi. Kikiuzwa Sh 25,000 hotelini na mwenye hoteli akachukua asilimia 20, kinabaki Sh 6,500. Vikiharibika viwili katika kumi, faida ya vile vinane ni Sh 52,000 na hasara ya viwili ni Sh 27,000. Nusu ya faida imekwenda. Anayesahau kuhesabu saa zake ataona utajiri ambao haupo.

Njia ya kupunguza gharama inajulikana na kila mtoto wa Kishambaa: gari la makopo na waya, lisilo na Sh 3,000 za kuanzia. Toroli la reli laweza kuchongwa kwa mbao za mgrivea. Boksi lisibebe majina wala alama za kampuni za nje, maana kampuni hizo zina wanasheria.

Pia wanunuzi watarajiwa si wamoja. Pikapu yenye bunduki nyuma humfurahisha Mwingereza. Aliyekimbia Kivu hatainunua.

Wageni huongezeka kuanzia Juni. Kwa kuwa praima hukawia kukauka kwenye ukungu na mvua za masika, kazi ya rangi inafaa kumalizika Januari na Februari.