Ukungu wa muhogo wa Arua una thamani kiwandani

Katika nyumba nyingi za Arua na Koboko, nchini Uganda, muhogo mchungu hauendi jikoni moja kwa moja. Akina mama huumenya, huuanika kidogo, kisha huulundika na kuufunika kwa majani au magunia. Baada ya siku tatu au nne lundo limepata joto, mizizi imelainika na kuota ukungu mweusi, mweupe, pengine wa rangi ya chungwa. Ukungu hukwanguliwa, muhogo huvunjwavunjwa, hukaushwa juani na kusagwa. Unga wake ndio unaosongwa pamoja na ulezi au mtama, ukawa ule ugali Walugbara wanaouita enyasa. Mimi naiita kazi hii bioteknolojia, bila kuipunguzia heshima.

Sumu ya muhogo imefungwa ndani ya linamarini, yaani sukari iliyoshikana na chanzo cha sianidi. Linamarini hukaa ndani ya seli. Kimeng'enya cha kuivunja, linamarasi, hukaa kwenye ukuta wa seli. Havikutani mpaka ukuta ubomoke. Hapo ndipo kuvu kama Rhizopus na Neurospora zinapofaa, kwani hutoa vimeng'enya vyao vya kulainisha kuta za mimea. Ukuta ukishabomoka, linamarasi huitenga ile sukari, na sianidi hupaa hewani muhogo unapokauka. Kiwango salama kinachotambuliwa kimataifa ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga. Huko Kasese, Uganda, Septemba 2017, unga uliopimwa ulikuwa na wastani wa karibu 88. Watu 98 waliugua, wawili wakafariki.

Linamarasi ina ukoo mkubwa: vimeng'enya vinavyokata, kuunganisha au kubadili sukari, wanga na selulosi. Kila kimoja hujua kiungo chake, kama mchinjaji hodari anayepitisha kisu pale pale mifupa inapoachana. Bernard Henrissat na wenzake, nchini Ufaransa, walianza kuvipanga kwa familia katika miaka ya 1990, na hifadhidata yao ya CAZy ndiyo inayotumiwa na watafiti duniani kote. Linamarasi iko familia ya 1 ya vimeng'enya vinavyokata vifungo vya sukari. Amilesi alfa iliyo kwenye kimea cha ulezi, ile inayogeuza wanga kuwa sukari katika pombe ya kwete, iko familia ya 13.

Kiwandani mambo huwa magumu zaidi. Wanga wa mtama huhitaji joto la nyuzi 70 hivi au zaidi ndipo ulainike, na katika joto hilo sehemu ya vimeng'enya vya kimea hufa. Kwa hiyo kiwanda cha bia kinachotumia mtama usiooteshwa huongeza amilesi za bakteria kama Bacillus licheniformis, zinazostahimili joto kali. Mahitaji ya namna hiyo yapo pia kwenye sabuni, nguo, karatasi, maji ya matunda na chakula cha mifugo.

Kusaka vimeng'enya vipya hakuhitaji jumba la mabilioni. Chukua ukungu wa lundo, uoteshe kwenye kisahani chenye jeli iliyochanganywa na wanga, kisha umwagie iodini. Kisahani chote hugeuka buluu iliyokolea, isipokuwa pale palipo na kiumbe kilichokwisha kula wanga: hapo hubaki duara angavu. Duara likiwa pana kuliko mengine, una cha kufuatilia. Hatua zinazofuata ndizo ghali: kusoma jeni, kuihamishia kwenye kuvu au bakteria inayokua vizuri kwenye matangi, na kukibadilisha kimeng'enya kizazi baada ya kizazi mpaka kivumilie joto la kiwanda. Mbinu hiyo ya mwisho ilimpa Frances Arnold Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2018.

Kinachonitia wasiwasi ni umiliki. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai mgawo kutoka kampuni ya Marekani, Genencor, likisema vijidudu vilivyozaa vimeng'enya vya kulainishia jinzi vilichukuliwa kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa bila idhini yake. Kampuni ilikana kuvunja sheria. Kenya ilikuwa inadai baada ya bidhaa kufika sokoni, na kudai wakati huo ni kupanda mlima.

Uganda ina kanuni za kupata na kugawana faida ya rasilimali za kijenetiki tangu 2005, na imejiunga na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu jambo hilohilo. Arua ina Chuo Kikuu cha Muni na kituo cha utafiti wa kilimo cha Abi. Ningependa taasisi hizi mbili zianze na benki ndogo ya ukungu: kila sampuli iwe na namba, jina la kijiji, siku lundo lilipofunikwa, na makubaliano yaliyosainiwa na mwenye lundo, akisomewa kwa Kilugbara au Kikakwa. Na mfuatano wa jeni usipandishwe kwenye intaneti kabla karatasi hiyo haijawekwa kwenye faili, kwa sababu ukishapanda, mtu aliye Copenhagen anaweza kukitengeneza kimeng'enya kilekile bila kukanyaga Koboko.