Nati Haiponyi Usukani Unaonasa

Swali ambalo mafundi pikipiki wa Tabora huulizwa mara kwa mara, kwamba nati ya usukani ikazwe kiasi gani ili usukani uache kunasa katikati, limekosewa tangu mwanzo, kwa kuwa usukani unaonasa haujalegea bali umechimbika. Katika pikipiki nyingi za zamani, ikiwemo Honda CG125 iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1976, mhimili unaounganisha shokapu za mbele na fremu huzunguka juu ya gololi huru zilizopangwa katika vikombe vya chuma kigumu, juu na chini.

Gololi hizo hazina maisha ya gololi za gurudumu. Anayetoka Tabora kwa safari ndefu huenda saa nyingi akiwa amenyoosha usukani, na mawimbi ya barabara za changarawe huzitikisa gololi kidogo mno, kiasi cha kuisukuma grisi kando bila kuirudisha, hata chuma kikasuguana na chuma na kuacha unga mwekundu wa kutu. Hatimaye hubaki safu ya vishimo, kimoja kwa kila gololi, vyote mahali zinapokaa usukani ukiwa umenyooka. Uharibifu wa namna hii ulijulikana nchini Marekani miaka ya 1930, pale magari mapya yaliyosafirishwa kwa treni yalipofika na beringi za magurudumu zilizochimbika ilhali hayajaendeshwa. Hivyo pikipiki iliyofungwa ndani ya behewa kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, safari ya zaidi ya kilomita 800, huweza kuumia vilevile.

Kukaza nati, basi, ni kuzigandamiza gololi ndani ya vishimo vilevile, na imani kwamba huko ni kutengeneza inapaswa kuachwa kabisa. Pikipiki hudumisha mizani kwa usukani kujirekebisha kidogo kidogo wakati wote. Ukinasa, mwendeshaji hulazimika kuusukuma, nao unapochomoka hupitiliza, akaurudisha, ukanasa tena, na kwenye mchanga wa Sikonge, akiwa na mzigo wa tumbaku nyuma, kuyumba huko humwangusha. Kulegeza nati nako hupunguza tu mnaso unaosikika mkononi, huku shokapu zikigonga kila breki inaposhikwa. Oili chafu inayomiminwa humo ili kulainisha nayo huchuruzika na kuondoka na grisi iliyosalia. Gololi mpya katika vikombe vya zamani hutumbukia palepale zilipotumbukia za kwanza, na fundi anayeuza kazi hiyo hajatengeneza chochote.

Gurudumu la mbele linyanyuliwe na shokapu zivutwe mbele na nyuma: zikigonga huku usukani ukizunguka laini, nati ikazwe hadi mchezo uishe, lakini gurudumu bado lianguke lenyewe kila upande. Usukani ukinasa, seti nzima ibadilishwe, vikombe na gololi, juu na chini. Vikombe vya zamani vitolewe kwa kugongwa pande zote kwa zamu, vipya viingizwe kwa kugongwa ukingoni tu, kamwe si katika njia ya gololi, hesabu ya gololi ifuate kitabu cha pikipiki hiyo bila kujaza nafasi ndogo inayobaki, grisi iwe mpya na ya kutosha, kisha nati ikaguliwe tena baada ya kilomita mia chache, vikombe vikishakaa.